Figo za Baba, na Mimi Mwalimu wa Sayansi

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Nikinunua nyama nakipindua kipande nione upande wa chini. Mtu akiniambia kwenye simu kwamba yuko njiani, nasikiliza kama nyuma yake kuna sauti ya televisheni. Basi baba yangu alipooa tena, miaka mitatu baada ya mama kufariki, akamleta nyumbani Mlingotini mwanamke wa Kiwangwa anayenizidi miaka sita tu, hakuna aliyehitaji kunichochea. Nilimwamkia, akaitika marahaba yake vizuri kabisa, na tangu siku hiyo nikawa naitazama mikono yake.

Mikono, ndiyo. Uso wa mtu unaweza kukuchekea vizuri tu huku mikono inafanya mambo mengine.

Baba alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi tangu ujana wake hadi mgongo ulipomkatalia. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenda mbio hata akienda dukani kununua kiberiti. Halafu mwaka mmoja miguu ikaanza kumvimba. Ukibonyeza kwa kidole juu ya kifundo, shimo linabaki pale pale linakutazama. Asubuhi anaamka na mifuko chini ya macho. Akapelekwa Dar, akapimwa, akarudi na bahasha ya dawa na habari fupi aliyonipa kwa simu: "Presha iko juu, na figo zimechoka kidogo." Zimechoka, utadhani zilikuwa zimetoka kulima.

Mimi nafundisha Sayansi shule ya msingi, Kerege. Kwa hiyo ukiniambia figo, umefika kwangu. Nina mchoro wa viungo vya ndani niliouchora mwenyewe kwenye karatasi ya manila, na kila mwaka nautundika mbele ya darasa: mapafu mawili, moyo katikati umelalia kushoto, ini upande wa kulia, bandama kushoto, kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, utumbo mwembamba, utumbo mpana. Figo ziko nyuma, chini ya mbavu, moja kila upande wa uti wa mgongo, kila moja ukubwa wa ngumi yako. Mirija miwili inashuka kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu. Watoto wanaimba majina hayo mpaka walio nje wanajua kwamba leo mwalimu wa Sayansi kaingia.

Na nafundisha pia jinsi mwili unavyojiweka sawa. Joto likizidi, jasho linatoka. Baridi ikizidi, unatetemeka ili upate joto. Maji yakipungua, unasikia kiu na mkojo unakuwa mzito. Maji yakizidi, figo zinayatoa. Chumvichumvi za mwilini nazo hivyo hivyo, figo zinabakiza kiasi na zinatupa ziada. Somo hilo huwa nalimaliza kwa maneno yale yale: kunyweni maji mengi, maji ndiyo yanayosafisha figo. Hakuna mwaka niliojiuliza inakuwaje figo zenyewe zikishindwa kutoa hiyo ziada. Kengele inalia, tunahamia somo la mimea.

Sasa nisikilize nilichokikuta nyumbani kwa baba.

Nilifika Jumamosi moja, jua kali, baba amekaa barazani na midomo imemkauka. Nikamwona mke wake anatoka ndani na kikombe kidogo cha kahawa, kile kisicho na mkono. Kikombe kina maji. Baba akayanywa kwa mkupuo mmoja, akakilamba kikombe pembeni, akasema, "Ongeza." Yule mwanamke akasema, "Mpaka saa kumi, mume wangu." Akageuka, akaingia ndani.

Mpaka saa kumi! Ilikuwa saa saba mchana. Nilimfuata jikoni.

"Mama mdogo," nikasema, kwa adabu, maana adabu sikuikosa hata siku moja, "baba ana kiu."

"Najua, mwanangu. Ana kipimo chake cha siku. Daktari kasema maji yakizidi yanapanda mpaka kwenye mapafu."

"Mgonjwa wa figo ananyimwa maji? Hiyo umeisikia wapi?"

"Daktari kasema," akarudia, na akaendelea kuchuja viazi.

Na hivyo viazi, jamani! Alikuwa ameviloweka tangu jana yake, vimekatwa vipande vidogo, na maji yake akayamwaga. Kisha akavichemsha, yale maji nayo akayamwaga. Mchicha vilevile: anachemsha, anamwaga, anatia maji mengine, anachemsha tena, anamwaga. Mimi nafundisha watoto wasimwage maji ya mboga kwa sababu ndiko virutubisho viliko. Na chumvi alikuwa ameifungia kwenye kisanduku chenye kufuli. Baba yangu, mtu aliyezalisha chumvi ya kulisha mji, anakula ugali na mboga zilizokwisha kupoteza ladha na nguvu, na chumvi iko kwenye kufuli.

Nikaanza kuja mara kwa mara na macho yangu yako kazini. Chooni nikakuta kopo la lita moja limechorwa mistari kwa maka peni, na mkojo wa baba ndani yake. Asubuhi mke wake analiinua kopo kwenye mwanga, anatazama umefika mstari upi, ndipo anamwaga. Sasa wewe niambie, mtu anapima mkojo wa mumewe wa nini? Mimi ni msomi, na darasani nasema uchawi hauna ushahidi. Lakini siku ile nilisimama mlangoni pa choo nywele zimenisimama, nikijiambia kwamba mkojo, kucha na nywele ndivyo vitu watu wa namna hiyo wanavyovitafuta.

Halafu kulikuwa na karatasi. Imekunjwa ndani ya kifuko cha nailoni, ameipachika kwenye pindo la kanga. Kabla ya kupika anaifungua, anaiangalia, midomo inamchezacheza, kisha anaikunja. Nikiingia, inarudi kwenye pindo haraka. Na simu yake ikilia anakwenda kuongea nyuma ya banda la kuku, kwa Kikwere, chinichini, na mimi Kikwere sikijui zaidi ya salamu.

Jirani yetu mmoja anayeuza vitumbua alinivuta kando asubuhi moja. "Mwenzangu, mimi simo," akasema, na ukisikia mtu anaanza hivyo jua kwamba yumo mpaka shingoni. "Mimi simo, lakini baba yako anakonda uso huku miguu inavimba. Huyo analishwa kitu." Nikamwambia aache maneno hayo. Nikanunua vitumbua vya kunitosha siku mbili ili nimsikilize vizuri.

Bado nilikuwa sijapata jambo la kushika mkononi. Nililipata siku nilipomuuliza yule mwanamke waziwazi baba amekatazwa vyakula gani. Alifurahi kuulizwa, nakumbuka. Alifuta mikono, akaanza kuhesabu kwa vidole: ndizi, machungwa, parachichi, nyanya nyingi, maharage, karanga, samaki wa kukausha. Kila alichokitaja ni kitu kizuri. Nikamwambia, "Kwa hiyo kilichobaki ni hewa."

"Na madafu," akasema. "Daktari kayasisitiza hayo. Asinywe hata moja."

Hapo ndipo nilipojua kwamba ananidanganya.

Huku kwetu hakuna mtu aliyewahi kukatazwa dafu. Mtoto akiharisha, dafu. Mjamzito, dafu. Mtu akipata choo kigumu, akiungua homa, akikojoa kwa maumivu, dafu, dafu, dafu. Mama yangu mwenyewe alipokuwa kitandani, wageni waliokuja kumjulia hali walijaza ukumbi makumbi ya madafu mpaka tukakosa pa kupita. Dafu ndilo dawa ya figo, hata mlevi wa Bagamoyo anajua hivyo. Sasa aje mtu wa Kiwangwa, kwao mananasi na mihogo, anifundishe mimi habari za dafu! Nilicheka mbele ya uso wake. Yeye akatazama chini, akaendelea na mboga zake.

Nikaamua baba yangu hafi kwa kiu mimi nikiwa hai.

Nikawa napitia kwa muuza madafu barabarani, nampa chupa yangu ya chai, anakata madafu mawili na kunijazia. Nikifika Mlingotini naiweka chupa miguuni pangu. Yule mwanamke akitoka kwenda kisimani au kwa kuku, namwaga kwenye kifuniko na kumpa baba. Wallahi, ungemwona! Alikuwa anashika kifuniko kwa mikono miwili, anafumba macho. "Mwanangu," ananiambia, "wewe ndiye unayenijua." Nilijisikia vizuri sana. Nisiseme uongo, nilijisikia vizuri kuliko nilivyowahi kujisikia katika nyumba ile tangu mama aondoke. Nilikuwa mtoto mwema, na nilikuwa nimemshinda mtu.

Baba naye alikuwa mshiriki mzuri. Mkewe akirudi, anafuta midomo na kuanza kulalamika kiu upya, sauti imekauka kweli kweli. Ningekuwa sijui, ningemwonea huruma.

Ilipofika likizo ya Juni nikahamia pale kabisa. Sasa ikawa kila siku, na si mara moja. Siku ya mwisho alikunywa madafu matatu, asubuhi mawili na alasiri moja. Wiki hiyo nilianza kuona anachoka. Anasema miguu mizito. Chakula kinamtia kichefuchefu. Vidole vinamfa ganzi. Kila dalili niliiandika kwenye daftari langu, na mbele ya kila dalili nikaandika alichopikiwa siku hiyo na mke wake. Nilikuwa nakusanya ushahidi. Madafu sikuyaandika, kwa sababu madafu yalikuwa dawa.

Kesho yake baada ya yale madafu matatu, kama saa tatu asubuhi, baba alitaka kwenda msalani. Akaweka mikono kwenye kiti, akajisukuma, miguu haikuitika. Akajaribu tena. Akanitazama kwa mshangao, mtu aliyetembea kwenye matope ya chumvi maisha yake yote, akasema, "Haitaki." Nilimshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo. Pigo moja, kimya. Pigo, kimya kirefu. Nilikuwa nimewafundisha watoto mia kuhesabu mapigo ya moyo, na siku ile nilihesabu thelathini na nane kwa dakika nikadhani nimekosea, nikahesabu tena.

Tukakodi gari la jirani mpaka Dar, hospitali anakotibiwa. Baba nyuma, kichwa kimelala mapajani mwa mkewe, mimi mbele na jirani anayeendesha. Tulipokuwa tunapita Kerege, mbele ya shule yangu, nikashindwa kuvumilia. Nikageuka.

"Umempa nini baba yangu?"

Akanitazama. "Nimempa uji."

"Nakuuliza umempa nini! Tangu alipokuoa hajawa mzima. Maji unamnyima, chumvi umefungia, mkojo unaupima, una karatasi zako za siri. Baba akifa leo, mimi na wewe tutajuana mbele ya polisi."

Dereva akaongeza mwendo, akijifanya hana masikio. Yule mwanamke alikuwa ameweka kiganja juu ya kifua cha baba, anasikiliza kwa mkono.

Hospitali walimchukua mbio. Wakambandika nyaya kifuani, wakatoa damu, wakatazama kile kikaratasi kirefu chenye mistari ya moyo, wakaanza kumchoma sindano moja baada ya nyingine kabla hata hatujaulizwa jina. Baada ya muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, akaja daktari, dada mdogo tu, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Akatuita wote wawili pembeni ya kitanda. Baba alikuwa na barakoa ya hewa, macho wazi.

"Kuna madini kwenye damu yanaitwa potasiamu," akasema. "Moyo unayahitaji ili upige, lakini kwa kiasi. Mtu mwenye figo nzima, yakizidi, anayakojoa. Mzee hawezi. Kila kinachoingia kinabaki. Yakifika kiwango hiki cha leo, misuli inalegea, na moyo unaweza kusimama wakati wowote. Mwezi uliopita alikuwa vizuri. Kwa hiyo kuna kitu anapewa. Anakula nini?"

"Muulize huyu," nikasema. "Ndiye anayepika."

Na yule mwanamke akatoa karatasi yake kwenye pindo la kanga. Akaifungua kutoka kwenye nailoni kwa uangalifu, akampa daktari. Niliinyoosha shingo. Haikuwa na maandishi ya Kiarabu wala damu ya kuku. Ilikuwa na picha zilizochorwa kwa kalamu, ndizi, chungwa, nyanya, parachichi, kila moja imepigwa msalaba, na chini kikombe cha kahawa kimechorwa mara tano.

"Sikusoma sana," akamwambia daktari, "nesi wa kliniki alinichorea. Viazi naviloweka, nachemsha mara mbili. Mboga vilevile. Maji vikombe vyake hivyo. Mkojo napima kila asubuhi. Chumvi nimefungia, maana alikuwa anailamba kwa siri. Kama kuna kitu nimekosea naomba unioneshe, daktari, nisije nikamuua."

Daktari aliisoma karatasi hadi mwisho. "Hujakosea kitu," akasema. "Ningependa wagonjwa wangu wote wawe na mtu kama wewe." Kisha akagonga kidole kwenye picha ya mwisho yenye msalaba. "Na hili? Hapa pwani hili ndilo linatusumbua. Ndugu wanakuja nalo kwa mapenzi yao."

Lilikuwa dafu.

Kwa sekunde kadhaa, na hizi ndizo sekunde ninazozionea haya kuliko wiki zote zile, nilikuwa nawaza kwamba hakuna aliyeniona.

Baba akaisogeza barakoa. "Nimekunywa mwenyewe," akasema. "Nilimtuma mtu."

Mkewe hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa namletea."

"Mangapi?" akauliza daktari.

"Mawili. Kila siku tangu likizo. Juzi... jana matatu."

Daktari akaandika na kuondoka haraka kwenda kuongea na wenzake kuhusu mashine ya kusafisha damu. Tukabaki watatu. Nilitegemea mama mdogo atanitukana, na nilitamani anitukane, nilikuwa nimemwandalia sababu. Hakupandisha sauti.

"Unajua mtu mwenye kiu anavyolia?" akaniuliza. "Mume wangu ananililia mimi, mtu mzima, ananiita katili. Nakwenda nyuma ya banda la kuku nampigia dada yangu, nalia, narudi, namnyima tena. Kila siku. Wewe unakuja na chupa yako, unamnywesha, unaondoka ukiwa mtoto mzuri. Nilikwambia dafu, ukanicheka."

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Umekisema kwenye gari mbele ya watu."

Niliomba msamaha. Nililia, nikashika mikono yake, ile ile niliyoitazama miaka yote. Akaniacha niishike. Akasema amenisamehe, na naamini alisema kweli, maana ni mtu wa kusema kweli, kosa lilikuwa langu kutolijua hilo. Lakini akaongeza neno moja.

"Nyumbani karibu wakati wowote, ni kwa baba yako. Ila sitakuacha naye peke yako tena."

Baba alitoka hospitali. Aliishi miezi kumi na moja zaidi, mara mbili kwa wiki kwenye mashine. Nilikuwa nakwenda kila Jumamosi, na kila Jumamosi mama mdogo alileta kigoda chake akakaa kati yetu, anachambua mchele au anashona. Akitoka, anatoka na mimi. Baba alizoea. Alikuwa ananiuliza habari za shule, namjibu, tunanyamaza. Mara mbili tatu nilimwona anafungua mdomo, anamtazama mkewe, anafunga. Kama alikuwa na jambo la kuniambia mimi na yeye tu, alikwenda nalo, na mimi sikuwa na uso wa kuomba tuachwe.